Kota za Ukuta Mmoja Ukingoni mwa Ziwa Mweru

Katika makala haya tunakusudia kuitetea nyumba ambayo hakuna aliyewahi kuitungia sifa. Si kasri, si kanisa, si ngome, wala si kaburi la mfalme. Ni ile nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa mbili kwa pamoja chini ya paa moja, jamaa hii upande huu na jamaa ile upande ule, na katikati yao ukuta mmoja ambao kila upande huuita wake. Wapo waiitao nyumba pacha. Sisi tutatumia neno ambalo watu wenyewe wanalo vinywani, nalo ni kota.

Twasema mapema tulitakalo, ili asiwepo wa kutuuliza baadaye. Kota za miongo ya mwanzo ya karne ya 20, pamoja na nyumba ndogo za matofali zilizojengwa kwa kuziiga, ni urithi sawasawa na majumba ya mawe ya pwani. Tena twasema kwamba walimu wa lugha ndio wenye sababu kubwa kuliko watu wengine wote ya kuzisemea, kwa kuwa kota ibomolewapo haianguki peke yake. Huanguka pamoja na maneno ambayo hayapo katika kamusi yoyote iliyo katika rafu zetu.

Hebu tuanze na maneno hayo. Kota limetokana na Kiingereza, kama lilivyotokana nalo neno laini, litumiwalo Kenya kwa makazi ya askari polisi na ya vibarua wa mashamba ya chai, na kama neno komboni lisikikalo kote Zambia. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, watu husema kambi. Tazameni ajabu hii: maneno manne, na yote manne ni ya mtu anayewapanga watu wengine, anayewahesabu na kuwaweka safu. Hakuna hata moja lililotoka kinywani mwa mama aliyekuwa akipika humo. Lakini mara uingiapo ndani lugha hubadilika. Katika Kiswahili cha Lubumbashi kiwanja cha nyumba pamoja na ua wake huitwa lupango, neno lililo ndugu wa ulupango wa Kibemba, yaani ua. Kwa hiyo mfanyakazi aliyepewa kambi na mwajiri wake aliigeuza kwa neno moja tu ikawa lupango wake. Na ukuta je? Kwa Kibemba ni icibumba, neno lililo jirani sana na kitenzi ukubumba, yaani kufinyanga, na hicho ni ndugu wa kuumba kwetu sisi. Mwenye kusema icibumba anausema ukuta kama kitu kilichotoka mikononi mwa mtu, kama chungu. Mwalimu afundishaye msamiati wa nyumba kwa picha ya nyumba ya Ulaya yenye dohani na bustani ya maua, huku kota zipo hatua 100 kutoka darasani, anapoteza mali bila kujua.

Hapana budi tueleze pia kwa nini tunazungumzia Nchelenge na ukingo wa Mweru, wala si Nairobi au Dar es Salaam ambako kota ni nyingi zaidi. Sababu ni kwamba huku Mweru kila kitu kiliwahi kufutwa.

Msomaji wa Kiswahili hapaswi kuliona ziwa hili kama la ugenini. David Livingstone alipolifikia mwezi wa Novemba 1867, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha mtangulia. Kwa Mwata Kazembe alimkuta Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amekaa huko miaka mingi. Mwaka huo huo Tippu Tip alikuwa amempiga Nsama wa Itawa, mashariki ya ziwa. Magharibi ya Luapula alitawala Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi, hadi alipouawa Desemba 1891. Watu hawa wa misafara walikuja na nyumba ya pembe nne yenye baraza mbele, ile ile iliyojengwa Tabora, Ujiji na Kasongo, wakaisimamisha mbele ya macho ya watu waliozoea msonge. Kwa hiyo kabla ya mmisionari na kabla ya bwana shauri, pembe nne ilikuwa imekwisha fika huku kwa miguu, nayo ilizungumza Kiswahili. Twalisema hili kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani kwamba kila nyumba ya mraba bara ni zawadi ya Mzungu.

Mwaka 1894 Waingereza na Mfalme Leopold wakagawana ziwa kwa kalamu. Kisiwa cha Kilwa, ambacho kipo karibu zaidi na ufuko wa Kongo, kikabaki upande wa Waingereza, na ndiyo maana leo ni sehemu ya Zambia. Mwaka 1900 Wamisionari wa London walianzisha misheni ya Mbereshi, kusini ya Nchelenge kwenye njia iendayo Mansa. Ng'ambo, huko Luanza, alikuwapo Dan Crawford, ambaye alifia huko huko mwaka 1926. Katika misheni hizi tofali lilikuwa karibu sehemu ya mahubiri. Mbereshi palikuwa na shule ya wasichana ya Mabel Shaw, aliyefika mwaka 1915, ambapo watoto hawakulazwa katika bweni moja refu, bali katika nyumba ndogo ndogo, kila nyumba ikiwa kama jamaa, wakubwa wakiwalea wadogo. Mtu aweza kuyabishia mafundisho ya bibi yule, na sisi tungebishana naye kwa mengi. Hata hivyo hakuna awezaye kuandika historia ya elimu ya wanawake katika Zambia pasipo kuingia katika vyumba vile.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Karibu na mwaka 1910 serikali ya Kampuni ya British South Africa iliwaondoa watu kutoka kingo za Mweru na Luapula, ikawakataza ufuko wao wenyewe na uvuvi wao. Boma la Kalungwishi nalo liliachwa, mamlaka yakahamia Kawambwa, nchi ya juu mbali na mbung'o. Vijiji vilibaki vitupu. Nyumba ya udongo ikiachwa bila mtu haihitaji adui mwingine: paa huoza, mvua hushuka ukutani, na baada ya masika machache hakuna kitu isipokuwa mwinuko mdogo wenye nyasi za kijani zaidi. Watu waliporudi walianza upya. Ndiyo maana ufukweni penyewe, tangu Kashikishi hata kaskazini, ni shida kumwonyesha mwanafunzi ukuta wa mwanzo wa karne ile. Palipobomolewa na maradhi na mvua, kila ukuta mmoja uliosalia una thamani ya 10 za mahali pengine.

Tena wale waliorudi hawakurudi kama walivyoondoka. Wengi walikuwa wamevuka. Shirika la madini la Union Minière, lililoanzishwa mwaka 1906, lilikuwa likiyeyusha shaba Elisabethville tangu 1911, nalo lilihitaji mikono. Kampuni ya Robert Williams iliiandikisha mikono hiyo Luapula hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kuanzia 1928 hivi, shirika lilibadili sera yake likataka wafanyakazi wakae kwa mikataba mirefu pamoja na wake zao na watoto, na kwa ajili hiyo likajenga nyumba za kudumu za matofali kambini. Kijana wa Mweru aliyekwenda akijua msonge alirudi akijua msingi, kona, kizingiti na fremu ya dirisha. Alirudi pia na Kiswahili. Mambo haya mawili yaliingia katika mfuko mmoja. Fedha za mgodi, na baadaye fedha za samaki waliouzwa migodini, ndizo zilizosimamisha nyumba ya kwanza ya matofali katika vijiji vingi vya ufuko huu.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe, maana wengi wanaoidharau hawajawahi kuipima. Kwa nini mbili kwa pamoja? Hesabu yake ni ya darasa la nne. Chumba cha pembe nne kina kuta 4. Viwili vilivyotengana vina kuta 8. Vikiunganishwa, kuta zabaki 7. Mwajiri ameokoa ukuta mmoja katika 8, pamoja na msingi wake, na paa lote ameliweka chini ya mgongo mmoja wa tembo badala ya miwili. Ni ubahili, hatukatai. Lakini ubahili huo ulizaa jambo ambalo mwajiri hakulipanga: ulizaa jirani ambaye hukumchagua na ambaye huwezi kumkimbia. Mwalimu wa darasa kutoka Kawambwa alipewa upande mmoja, karani kutoka Nyasaland upande wa pili. Mpishi akatenganishwa na dereva kwa unene wa tofali moja. Watu wa lugha mbili walilazimika kusikilizana usiku na mchana, hata katika ugomvi wa mume na mke. Wanaisimu wetu huandika kurasa nyingi kuhusu jinsi Kiswahili kilivyoenea bara kwa misafara, kwa dini na kwa jeshi. Twauliza: mbona hakuna hata ukurasa mmoja juu ya ukuta wa kati?

Tofali lenyewe ni somo. Udongo ulio bora kwa kazi hii pande hizi hutoka kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa wamekwisha uchambua, wakaacha chembe laini tupu. Udongo hukandwa kwa miguu, hutiwa katika kalibu ya mbao, hukaushwa juani. Na penye kuni za kutosha hupangwa tanuri, likachomwa. Ukuta uliojengwa kwa tope haupendi saruji. Fundi wa siku hizi, kwa nia njema kabisa, huupiga plasta ya saruji ili upendeze, naye ndiye auuaye, kwa sababu unyevu hunaswa ndani na tofali huanza kusagika nyuma ya ngozi nzuri. Wazee walipaka udongo na chokaa, wakarefusha ukingo wa paa ili mvua ianguke mbali. Maarifa haya yana msamiati wake kwa Kibemba na kwa Kiswahili cha Kongo, na hatujaona mahali ulipokusanywa.

Wapo wenzetu wasemao: acheni mambo hayo, kota ni alama ya kudharauliwa. Zilijengwa finyu makusudi, jiko nje, choo mbali, ili Mwafrika ajue kwamba mjini yeye ni mgeni, na kwamba kazi ikiisha arudi kwao. Tunawajibu kwamba wamesema kweli tupu, na kwamba kweli hiyo ndiyo sababu yetu ya kwanza. Tutawaonyesha nini wajukuu? Tukibakiza nyumba ya Mkuu wa Wilaya yenye veranda pande zote, tukabomoa ya tarishi wake, tutakuwa tumemkamilishia mkoloni kazi yake, maana hata yeye hakutaka ya tarishi ionekane. Dharau iliyojengwa kwa matofali huweza kupimwa kwa futi. Ikibaki katika maneno matupu, mtu wa kesho ataweza kuikana.

Wengine husema kwamba maskini hawahitaji makumbusho, wanahitaji nyumba bora. Neno hilo lina historia. Wale tuliosoma Tanzania twakumbuka jinsi nyumba bora ilivyokuwa wimbo wa kampeni, na jinsi bati lilivyofanywa kuwa kipimo cha maendeleo ya mtu. Hatupingi bati. Hatumwambii mama wa Nchelenge alale chini ya paa linalovuja kwa ajili ya furaha ya mtalii. Twasema tu kwamba kota nyingi bado zina watu, na kwamba nyumba yenye watu ndiyo itunzikayo kwa gharama ndogo kuliko zote. Anayetaka kuibomoa kwa jina la maskini na aonyeshe kwanza ni maskini yupi atakayeingia katika jengo jipya. Mara nyingi hatuoni maskini, twaona mkandarasi.

Hilo tumelishuhudia wenyewe. Katika shule moja ya upande huu, ambayo hatutaitaja, palikuwa na kota mbili za ukuta mmoja, matofali ya kuchomwa, milango ya mbao nzito. Zilibomolewa kwa siku 3. Tulipouliza, tulijibiwa kwamba majengo yale yamepitwa na wakati na kwamba panahitajika nyumba ya wageni. Hakuna aliyepiga picha wala kuchukua kipimo. Matofali yalipasuliwa yakajaza mashimo ya barabara ya kuingilia shuleni, na katika baadhi yake zilionekana alama za vidole vya aliyeyafinyanga. Alikuja mzee mmoja aliyezaliwa katika upande wa kushoto, Bashikulu, kama wazee wanavyoheshimiwa huku, akasimama penye kifusi akatuonyesha kwa fimbo. Hapa mama yangu alikuwa akigonga ukuta mara mbili, akasema, na mama wa upande ule akijibu mara moja, basi ajua moto upo wa kuazima. Akigonga mara tatu ni mgonjwa. Tulimwuliza kama ugongaji ule ulikuwa na jina. Akatamka neno ambalo mwenzetu mmoja alilisikia hivi na mwingine akalisikia vile, nasi tukaahidiana kurudi na daftari. Tuliporudi alikuwa amezikwa. Neno lile hatunalo.

Sisi wa Kiswahili tuna deni letu wenyewe katika jambo hili, wala tusijifanye hakimu wa Zambia peke yake. Kwa muda mrefu tumeuita ustaarabu kile tu kilichojengwa kwa mawe. Kilwa Kisiwani iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, Lamu mwaka 2001. Ni haki yao. Lakini Ng'ambo ya Unguja, walimokaa wachukuzi, washonaji na waliokuwa watumwa, haikuingia katika mji uliotukuzwa, na sehemu yake kubwa ilivunjwa ili kupisha majumba marefu ya Michenzani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, yenye vyumba vya kupangisha na ukumbi katikati, inaondoka Dar es Salaam kila mwaka ikipisha ghorofa. Jina Kilwa liko mahali pawili: pwani, ambako dunia nzima yalijua, na katikati ya Ziwa Mweru, ambako wavuvi hulifikia kwa mtumbwi. La kwanza tumelifundisha hadi mitihani imechoka. La pili wanafunzi wetu hawajui kwamba lipo.

Upande wa sheria, Zambia ina sheria ya kuhifadhi urithi ya mwaka 1989, na ina Tume yake ya Taifa ya Uhifadhi wa Urithi. Sheria hiyo huhesabu jengo kuwa urithi wa kale ikiwa lilijengwa kabla ya tarehe 1 Januari 1924. Tanzania ndiyo kali zaidi: sheria yake ya mambo ya kale ya 1964 iliweka mpaka wa majengo katika mwaka 1863. Mpaka wa Zambia ni wa ukarimu ukilinganishwa na huo. Hata hivyo fikirini maana yake kwa ufuko huu: watu walihamishwa karibu na 1910, wakarudi kidogo kidogo, wakaenda Katanga, wakarudi na fedha, ndipo wakajenga. Nyumba zao nyingi za kwanza za matofali ziliangukia upande wa pili wa mpaka, zikawa changa mno kuitwa za kale na kuukuu mno kuitwa za kisasa. Sheria haikukusudia kuwadhulumu, lakini kalenda yake ni ya ofisini, wala si kalenda ya Mweru.

Wala asituambie mtu kwamba nyumba ndogo haiwezi kuwa urithi wa taifa. Lusaka ipo nyumba namba 394 ya Chilenje, nyumba ya kawaida kabisa katika mtaa waliotengewa Waafrika, ambamo Kenneth Kaunda alikaa tangu Januari 1960 hadi Desemba 1962 akiongoza harakati za uhuru. Leo ni kumbukumbu ya taifa. Ya Mwalimu Nyerere pale Magomeni imekuwa makumbusho. Twafurahi. Ila angalieni sharti lililofichwa humo: nyumba ndogo huruhusiwa kubaki ikiwa imewahi kulala mtu mkubwa. Je, yule wa namba 393? Yeye hakupiga kura? Hakulipa kodi ya kichwa? Hakusubiri uhuru?

Nje ya Afrika tunaweza kutaja mfano mmoja usio na mtu mkubwa. Katika mji wa Worksop, Uingereza, ipo nyumba pacha ya mwanzoni mwa karne ya 20 ambayo ilikuwa ya muuza duka la vyakula aitwaye William Straw. Jamaa yake ilihamia humo mwaka 1923. Wazazi walipokufa, wana wao wawili hawakubadili kitu: kalenda, kofia, mikebe ya chakula, vyote viliachwa mahali pake kwa miaka zaidi ya 50. Mtoto wa mwisho kubaki alikufa mwaka 1990, akaiachia shirika la National Trust, lile lile lenye kumiliki makasri ya malodi. Watu hulipa kiingilio kuona jiko la muuza duka. Hatusemi tuwaige Waingereza katika kila jambo. Tumewaiga vya kutosha. Lakini ikiwa wao, wenye makasri mengi namna ile, wameona kwamba bila jiko la muuza duka hawajajieleza, sisi tusio na makasri tunangoja nini?

Jambo hili halipo katika wakati uliopita peke yake. Tangu mwaka 2017 maelfu ya watu wamevuka kutoka Katanga ya juu na Tanganyika ya Kongo wakikimbia vita, na mwaka 2018 ukafunguliwa mji wa wakimbizi wa Mantapala katika wilaya hii hii ya Nchelenge. Wamekuja na Kiswahili chao. Walipewa viwanja, wakakanda udongo, wakafyatua matofali, wakajenga nyumba za pembe nne. Babu zao na babu za wenyeji wao walifundishana kazi hiyo kambini Elisabethville, nao sasa wanafanya tena, upande wa pili wa ziwa, kwa maneno yale yale. Kwa mwalimu wa lugha hiyo ni maktaba iliyo wazi. Kijana wa Mantapala na mzee wa Kashikishi wakikaa mbele ya kota moja kuukuu wakitaja sehemu zake, kila mmoja kwa lugha yake, tutapata kwa asubuhi moja zaidi ya tutakachopata kwa mwaka katika semina zetu zenye chai na mandazi.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa chama chetu, tena tunaitoa kwa ukali kidogo, maana rai za upole zimekwisha wekwa katika majalada. Kila tawi lililo karibu na misheni, kituo cha reli, mgodi, hospitali au shule yenye kota za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lichague kota mbili tu. Lisichague nzuri zaidi. Lichague zenye wazee walio hai. Wanafunzi wachukue kamba ya kupimia: urefu, upana, kimo cha mlango, unene wa ukuta wa kati. Waandike majina ya kila sehemu kama yanavyotamkwa na wakazi, si kama yanavyotakiwa na mtihani, na penye majina mawili yaandikwe yote mawili. Waulize nani alikaa upande upi, walizungumza lugha gani kupitia ukutani, na watoto walichanganya maneno gani. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe kwa Tume ya urithi ya nchi hiyo, ili siku mkandarasi atakapokuja na tingatinga lake asipate nafasi ya kusema kwamba pale hapakuwa na kitu.

Gharama yake ni kamba, daftari na kalamu. Wenzetu wa ukingo wa Mweru wameanza na kota tatu, moja ikiwa imekwisha pigwa plasta ya saruji upande mmoja na kubaki ya udongo upande wa pili, kwa sababu majirani hawakuelewana. Maneno ya ukuta waliyokusanya mpaka sasa ni 41. La kugonga bado wanalitafuta, na yeyote aliyelisikia kwa bibi yake, Kongo au Zambia, anaombwa kumwandikia mhariri kabla ya masika.